The Open ya gofu Birkdale mwezi wa saba: mtu wa Tabora aanzie wapi kuifuatilia?

Kijana wa Isevya (Tabora)

Wakuu habari za mvua, natumaini wote wazima. Naombeni msaada kwenye jambo ambalo hapa mtaani sina wa kumuuliza, maana kila nikiligusa watu wanarudi kwenye Simba na Yanga.

Mwaka jana mwezi wa saba nlikua kwa shemeji yangu ana king'amuzi chenye chaneli za michezo, akaweka gofu, ile The Open iliyochezwa Royal Portrush, Ireland Kaskazini. Scottie Scheffler alikua anamalizia raundi ya mwisho na alishinda kwa tofauti ya mipigo minne, jumla yake 17 chini ya pa (pa ni idadi ya mipigo inayotegemewa kwa shimo au uwanja mzima). Kilichonishika sio ushindi wenyewe, ni vile mtu anatembea masaa manne na dunia nzima inamuwinda na hatoki kwenye utaratibu wake hata mara moja. Tangu siku hiyo nasoma soma kila nnachokutana nacho.

Sasa mwaka huu 2026 inachezwa Royal Birkdale, tarehe 16 mpaka 19 Julai, na nataka niifuate kuanzia Alhamisi mpigo wa kwanza, sio kudandia Jumapili wakati hadithi imeshaisha. Shida ni kwamba wachezaji wanakua 156, siku nne, mi nimshike nani? Wale wanaoandika kabla ya mashindano wanasema fulani uwanja huu unamfaa, fulani haumfai, wanaangalia kitu gani? Na ule mchujo wa Ijumaa unakuaje? Af na bando langu ni la kuunga unga, siwezi kuacha video inatembea siku nzima.

Sijawahi kushika fimbo ya gofu, nielezeeni kama mtazamaji tu anayetaka kuelewa. Shukrani sana.

Kedi Mstaafu (Kigoma)

Kijana wangu karibu, umenifurahisha sana kuuliza mapema hivi. Mimi nimebeba mabegi ya wachezaji Dar miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Kigoma, kwa hiyo ntakuelezea kwa jicho la kedi, wengine wataongezea.

Watu wengi wanaanza na majina ya wachezaji. Wewe anza na uwanja. Royal Birkdale upo Southport, pwani ya kaskazini magharibi ya Uingereza, na umelala katikati ya vilima vya mchanga vilivyoota nyasi ndefu. Njia za kuchezea zimepita kwenye mabonde kati ya vilima, ardhi ni ngumu chini, mpira ukitua hausimami pale pale, unakimbia. Kwa hiyo mtu anayepiga mbali sana lakini haelekezi anaingia kwenye zile nyasi na hapo anapoteza mpigo mmoja, mara miwili, bila hata kuelewa imekuaje. Wachezaji wengi wanausifu kwamba ni uwanja wa haki, yani ukipiga vizuri unalipwa vizuri, hauna vile vituta vya kuutupa mpira mzuri sehemu mbaya kama viwanja vingine vya pwani.

Lakini bwana mkubwa wa pale ni upepo. Nakupa mfano mmoja utauona mwenyewe. Mwaka 2008 The Open ilichezwa hapo hapo Birkdale, upepo ukavuma siku zote, Padraig Harrington akachukua kombe akiwa mipigo 3 JUU ya pa. Greg Norman akiwa na miaka 53 ndo alikua anaongoza baada ya raundi tatu, kwa sababu kwenye upepo kujua kupiga mpira wa chini kunazidi nguvu za ujana. Wakarudi 2017, hali ya hewa ikawa nzuri zaidi hasa Jumamosi, Jordan Spieth akashinda akiwa 12 CHINI ya pa. Uwanja ni ule ule, tofauti ya mipigo 15. Sasa mtu akikuandikia utabiri wake na hajataja upepo kabisa, huyo msome tu lakini usimtegemee.

Sisi wa ziwani hili tunalielewa haraka. Mvuvi wa Kibirizi haulizi kwanza nani ana injini kubwa, anauliza kwanza ziwa limeamkaje.

Kwa hiyo wiki ile, kuanzia Jumanne, weka Southport kwenye programu ya hali ya hewa ya simu yako na uangalie upepo wa Alhamisi na Ijumaa saa kwa saa. Hapa kuna siri watazamaji wengi hawaijui. The Open wote 156 wanaanzia shimo la kwanza, watatu watatu, kundi la kwanza linatoka alfajiri na la mwisho linatoka jioni karibu masaa kumi baadae. Aliyeanza asubuhi Alhamisi anaanza mchana Ijumaa, na aliyeanza mchana Alhamisi anaanza asubuhi Ijumaa. Ikitokea upepo mkali umevuma Alhamisi mchana na Ijumaa asubuhi, nusu ya wachezaji wote wamekula dhoruba mara mbili na nusu nyingine wamepita kwenye utulivu mara mbili. Hapo usishangae kuona jina kubwa limerudi nyumbani.

Dada wa Ujiji (Kigoma)

Shikamoo mzee Kedi, umeeleza vizuri sana.

Kaka wa Isevya mi nafuatilia gofu kwa simu tu, sina king'amuzi, na nimezoea kabisa. Bando lisikutishe, ubao wa matokeo ni maandishi matupu, haunywi MB kama video, unaweza kuufungua asubuhi mchana jioni na bado bando likalala. Mashindano yenyewe yana programu yao na tovuti yao, na pia wana redio ya mtandaoni siku za mashindano, wanatangaza kwa Kiingereza mpigo kwa mpigo, sauti peke yake inakula kidogo sana ukilinganisha na picha. Mi naweka sikioni huku naendelea na kazi zangu. Usiku nikifika sehemu yenye waifai ndo natazama vipande vya video.

Masaa yapo upande wetu pia, hilo ndo linanifanya niipende The Open kuliko yale ya Marekani. Uingereza mwezi wa saba wapo nyuma yetu masaa mawili tu. Kundi la kwanza likitoka huku ni kama saa mbili na nusu asubuhi, umeshafungua duka. Masters ya Augusta mwezi wa nne sisi tupo mbele masaa saba, Jumapili wanamaliza huku ni kama saa nane usiku na Jumatatu watu wanaenda kazini.

Kuhusu ubao, watu wapya wanasoma namba moja tu, ile ya jumla. Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba ujue yupo chini ya pa, hiyo ndo nzuri, na herufi E maana yake yupo sawa na pa. Ila soma na safu inayoonyesha ameshacheza mashimo mangapi leo. Mtu yupo 4 chini na amemaliza 18, mwingine yupo 3 chini na amecheza 9 tu, huyu wa pili anaweza kua kwenye hali nzuri kuliko kiongozi au mbaya kuliko, inategemea na mashimo yaliyobaki. Mwaka 2017 Birkdale ilikua ya pa 70 na mashimo mawili pekee ya pa 5 yalikua namba 15 na 17, karibu na mwisho kabisa, kwa hiyo aliyefika shimo la 14 akiwa nyuma kwa mpigo mmoja alikua bado ana nafasi kubwa mbele yake. Tangu hapo wamefanyia marekebisho baadhi ya mashimo, kwa hiyo wakitoa ramani ya mwaka huu ihifadhi kwenye simu uwe unaiangalia sambamba na ubao. Ukifanya hivo utaanza kuona mchezo kwenye namba tupu, naamini kabisa.

Wachezaji usichukue wengi, utachanganyikiwa. Chukua watano, usizidishe. Mmoja awe kati ya wale wa juu kabisa duniani, mmoja awe Mwafrika, mmoja mtu mzima mwenye historia na uwanja, mmoja kijana usiyemjua, mmoja wa moyo wako tu. Siku mbili za kwanza fuata hao watano na kundi walilopangwa nalo. Wakitolewa Ijumaa unachagua wengine, hakuna dhambi.

Na ukimaliza hiyo usizime simu, wiki mbili baadae wanawake nao wana The Open yao Royal Lytham, pwani hiyo hiyo, ng'ambo tu ya mdomo wa mto Ribble. Mi hiyo ndo naisubiri zaidi. Mwaka jana Royal Porthcawl alishinda Miyu Yamashita wa Japani, sio mtu wa kupiga mbali lakini kila mpigo unaenda anakotaka.

Mzee wa Jukwaa Kuu (Tabora)

Nawasoma hapa. Mi sina tatizo na gofu ila mwaka huu mwezi wa saba ni Kombe la Dunia jamani, nani atakua na muda wa kuangalia mtu anatembea na begi? Tena fainali ni tarehe 19 Jumapili hiyo hiyo mnayoisema. Vibanda vyote vitakua vimejaa mpira. Na gofu ni mchezo wa wenye hela, kijana angetafuta kitu cha kufuatilia ambacho hata mdogo wake anaweza kukicheza uwanja wa shule.

Dada wa Ujiji (Kigoma)

Kaka mkubwa ratiba haigongani kama unavyofikiri, nimeshaiangalia. Nusu fainali za Kombe la Dunia ni tarehe 14 na 15, mshindi wa tatu tarehe 18, fainali tarehe 19. Maana yake Alhamisi 16 na Ijumaa 17 hakuna mechi hata moja, siku mbili hizo za gofu zipo wazi kabisa. Na Jumapili fainali ni saa nne usiku kwa saa zetu, gofu inakua imeshaisha saa nyingi, labda waende mashimo ya ziada, na hata hapo unawahi.

Kuhusu hela nakubaliana na wewe kwamba kucheza ni gharama, fimbo, viatu, ada za klabu, na huku magharibi mtoto akitaka kujifunza atamtafuta mwalimu wapi. Hilo linaniuma kweli. Ila nchi hii ina watu waliofika mbali. Madina Iddi amebeba bendera ya Tanzania kwenye gofu ya wanawake wa ridhaa miaka na miaka, na wapo wachezaji wetu wengi ambao safari yao ilianza kwa kubeba mabegi ya wengine. Kufuatilia ni bure, na mtu akifuatilia leo kesho ndo atasema na sisi tunataka uwanja wa mazoezi.

Kedi Mstaafu (Kigoma)

Naunga mkono neno kwa neno. Mimi nimewaona kwa macho yangu vijana waliokua wanabeba begi, jioni wanaachiwa fimbo moja ya kuazima, baadae wakawa wanawashinda wenye begi.

Kijana wa Isevya (Tabora)

Asanteni sana wote, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Shikamoo mzee Kedi. Na wewe kaka wa Jukwaa Kuu karibu tuangalie pamoja Alhamisi na Ijumaa, mpira tutauangalia Jumapili.

Nibaki na maswali mawili. Kwanza mchujo, bado sijaelewa wanakata kwa namba ya watu au kwa mipigo. Pili, ni nani wenye hadithi na Birkdale? Dada kasema nichukue mmoja mwenye historia na uwanja, nani hao?

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)

Jirani yangu kabisa wewe, ngoja nikujibu maana hii mada naipenda.

Mchujo wa The Open, baada ya raundi mbili wanabaki 70 wa juu pamoja na wote waliolingana na yule wa sabini. Kwa hiyo wanaweza kubaki 70 kamili au 80 na kitu. Kila shindano lina wake, Masters wanabaki 50 na waliolingana, US Open 60 na waliolingana. Na ndo maana Ijumaa jioni kwangu mimi ni tamu karibu kuzidi Jumapili. Kuna mstari kwenye ubao unaonyesha mchujo unakadiriwa kua wapi na unapanda unashuka mpaka kundi la mwisho linamaliza. Kuna mtu amemaliza saa sita mchana yupo hotelini hajui afunge begi au afue nguo za kesho, hatima yake ipo kwenye mpigo wa mita moja wa mtu ambaye hawajawahi hata kusalimiana. Asiyepita The Open anaondoka na kiasi kidogo tu, wakati mwaka jana bingwa alichukua dola milioni 3.1 kati ya milioni 17 zilizotengwa. Usikose Ijumaa jioni, saa moja mpaka saa tano na kitu usiku kwetu.

Sasa watu wa Birkdale. Hapo ndo mwaka huu umejaa kupita kiasi.

Tommy Fleetwood ni mtoto wa Southport, amezaliwa pale pale. Ameshasema mwenyewe kwamba utotoni alikua anajipenyeza na baba yake kwenye uwanja huo kupiga mashimo mawili matatu bila ruhusa. 2017 The Open ilipokuja nyumbani kwao kila mtu akamuwekea matumaini, raundi ya kwanza akapiga 76, mzigo ukamlemea. 2019 akamaliza wa pili Portrush nyuma ya Shane Lowry. Amekaa miaka mingi bila kushinda PGA Tour, yani ligi kuu ya gofu ya Marekani, anakaribia anakosa, anakaribia anakosa, na kila akikosa anaongea na waandishi kwa heshima zote, mpaka Agosti mwaka jana East Lake akashinda Tour Championship, shindano la kufunga msimu, na FedExCup, ubingwa wa msimu mzima, kwa pamoja. Mimi nlikua macho usiku ule na sikulala tena. Bado hajashinda hata moja kati ya yale mashindano manne makubwa ya mwaka (Masters, PGA Championship, US Open na The Open). Sasa anarudi mtaani kwao akiwa mtu anayejua kumaliza, na mimi namtaka yeye kwa moyo wangu wote.

Wa pili Justin Rose. 1998 Birkdale alikua na miaka 17, mchezaji wa ridhaa, shimo la 18 Jumapili akapiga kutoka kwenye nyasi ndefu mpira ukaenda moja kwa moja shimoni, akamaliza nafasi ya nne kwa kulingana. Akawa wa kulipwa baada ya hapo na akakosa mchujo mara 21 mfululizo. Mara 21 jamani, kijana mdogo ambaye magazeti yote yalishamfanya mfalme. Hakuacha. 2013 akashinda US Open, 2016 medali ya dhahabu ya Olimpiki Rio, na mwaka jana Masters alifika mpaka shimo la ziada na Rory McIlroy. Mwezi wa saba mwaka huu atakua na miaka 45 anakaribia 46, kwenye uwanja ule ule. Huyo ndo mtu wako wa historia kama utanisikiliza.

Na Spieth mwenyewe, bingwa wa 2017. Tafuta video ya shimo la 13 la Jumapili ile. Alipiga mpira ukaenda kulia sana ukapotelea kwenye kilima, akaomba msaada wa sheria, akarudi nyuma mpaka eneo la mazoezi katikati ya magari ya vifaa, ikachukua kama dakika 20, mwenzake Matt Kuchar amesimama tu anasubiri. Akatoka pale na bogi moja tu, yani mpigo mmoja juu ya pa, akawa nyuma ya Kuchar kwa mmoja. Af mashimo manne yaliyofuata akayacheza 5 chini ya pa. Kedi wake Michael Greller alikua mwalimu wa hesabu kabla, na hilo mimi kama mwalimu nalisema popote nnapokaa, maana pale kwenye kilima kuhesabu umbali ilikua nusu ya kazi.

Mwafrika. Branden Grace wa Afrika Kusini alipiga 62 raundi ya tatu hapo hapo Birkdale 2017, na ilikua mara ya kwanza kwa mwanaume yoyote kupiga 62 kwenye mashindano manne makubwa tangu yaanze. The Open imeanza 1860! Rekodi ile iliandikwa na mtu wa bara hili, kwenye uwanja huu. Kama atakuepo mwaka huu itategemea na kufuzu, ila Louis Oosthuizen na Ernie Els kama mabingwa wa zamani wana haki ya kuingia, Oosthuizen alishinda 2010 St Andrews, Els 2002 na 2012. Mwafrika hutamkosa.

Kichwa changu lakini kinasema Scheffler. Namba zake haziachi nafasi ya kubishana, amekaa namba moja duniani bila kushuka tangu Mei 2023.

Kijana wa Isevya (Tabora)

Mwalimu umenimaliza na hiyo ya mara 21. Nimemchukua Rose.

Hizo namba zake unazosema ni zipi, ni wastani wa mipigo?

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)

Hapana, kuna hesabu nzuri zaidi. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia anaitwa Mark Broadie alikusanya mipigo mingi sana akatafuta kutoka kila umbali mchezaji wa kulipwa wa kawaida anahitaji wastani wa mipigo mingapi kumaliza shimo. Ukishajua hilo, kila mpigo unaupa thamani yake. Mfano kwenye grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo, kutoka futi 8, yani kama mita mbili na nusu, wachezaji wa PGA Tour wanaingiza karibu nusu ya mipira yao, kwa hiyo wastani ni mpigo mmoja na nusu. Ukiingiza moja kwa moja umeokoa nusu mpigo, ukitumia miwili umepoteza nusu. Wanajumlisha hivo kwa mpigo wa kwanza, kwa mpigo wa kwenda kwenye grini, kwa ule wa karibu na grini, na kwa kuingiza. Basi unaona mtu ana nguvu wapi. PGA Tour walianza kuitumia rasmi 2011 kwa upande wa kuingiza.

Ukijiandaa kwa Birkdale angalia zaidi ile ya mpigo wa kwenda kwenye grini. Kuingiza kunapanda na kushuka wiki kwa wiki, mtu anaweza kua moto wiki hii na baridi ijayo, ila anayepiga vizuri kuelekea grini huwa anabaki vizuri msimu mzima. Scheffler hapo ndo anapowaacha.

Kedi Mstaafu (Kigoma)

Mwalimu hesabu zako nzuri na nazikubali nusu. Hizo namba nyingi zinatoka kwenye viwanja laini vya Marekani, mpira unapigwa juu unatua unasimama. Pale pwani kwenye upepo unatakiwa upige chini, utue mbali na grini, uache ardhi ifanye kazi, na huo ujuzi kwenye jedwali hauonekani vizuri. Mimi ningempa kijana kipimo kingine, aangalie nani amemaliza vizuri The Open mbili tatu zilizopita na kwenye Scottish Open inayochezwa wiki moja kabla, maana wengi wanaenda kule kuzoea upepo na ardhi ngumu. Hiyo ni mbegu nzuri ya kuchagua.

Halafu kijana usisubiri mpaka mwezi wa saba. Mwezi wa pili kuna Magical Kenya Open hapo Nairobi, ipo kwenye DP World Tour, ligi kuu ya gofu ya Ulaya, tangu 2019, saa zake ni saa zetu kabisa. Ifanye ya mazoezi. Fuata wachezaji watano kama dada alivyokuambia, soma ubao, angalia mchujo. Nairobi ipo juu sana, hewa nyepesi, mpira unaruka mbali kuliko kawaida, kwa hiyo utajifunza pia kwamba kila uwanja una swali lake.

Na usiidharau kwa sababu ipo jirani. Seve Ballesteros alishinda Kenya Open 1978, miaka miwili baadae akavaa koti la kijani analovalishwa bingwa wa Masters. Ian Woosnam akashinda Kenya 1986, koti 1991. Trevor Immelman wa Afrika Kusini akashinda Kenya 2000, koti 2008. Wote watatu walipita Nairobi kwanza. Ndo maana nakuambia yule kijana usiyemjua mchague huko huko, umfuate kuanzia sasa, unaweza kumkuta Birkdale.

Mzee wa Jukwaa Kuu (Tabora)

Hiyo ya Ballesteros kushinda Kenya sikuijua. Haya, Alhamisi na Ijumaa nipo, mniambie tunakutana wapi. Ila wakilingana Jumapili inakuaje, wanarudia kesho yake? Maana mimi saa nne usiku lazima niwe mbele ya fainali.

Dada wa Ujiji (Kigoma)

Zamani kweli walikua wanarudi kesho yake, siku hizi hapana. Wakilingana The Open wanacheza mashimo matatu papo hapo, wanajumlisha mipigo ya yote matatu, wa chini ndo bingwa. Wakilingana tena wanaendelea shimo moja moja mpaka apatikane. Kundi la mwisho Jumapili huwa linaanza alasiri ya kwao, huku kwetu kama saa kumi jioni au nusu saa mbele, kwa hiyo hata na mashimo ya ziada saa tatu na kitu usiku watakua wanakabidhiana jagi, ndo kombe la The Open. Fainali unaikuta ikiwa bado nyimbo za taifa, labda mvua kubwa na radi isimamishe gofu, hapo ndo wanaweza kusogeza.

Kijana wa Isevya (Tabora)

Basi watano wangu hawa hapa, Scheffler, Rose, Fleetwood, Oosthuizen, na wa tano ntamtoa Kenya Open mwezi wa pili kama mzee alivyosema. Mwalimu wa Cheyo nakuja inbox tupange sehemu ya kukaa Alhamisi, kaka wa Jukwaa Kuu na wewe, tutafute mahali penye waifai na umeme wa uhakika. Mzee Kedi, Jumatano ile jioni wakishatoa ratiba ya makundi na upepo ukijulikana ntakutag hapa hapa unisomee nusu ipi imebahatika.

Kedi Mstaafu (Kigoma)

Nitag Jumanne jioni, ratiba ya makundi huwa inakua imeshatoka, na mimi upepo wa Southport nauangalia tangu Jumatatu.